Kalunguta: majani na chakula vinaweza kuponyesha kansere?

Ku barabara ya Butembo–Beni, pande za Maboya na Kabasha, mutu anayeambiwa kwamba iko na kansere anapata mashauri mingi mbele ya kupata munganga. Jirani anamwambia akunywe maji ya majani ya korosol. Mwengine anasema kurkuma na asali, kijiko kimoja kila asubui. Kisha ujumbe unafika mu WhatsApp: kuko mbegu chungu fulani inayoshinda kimoterapi, lakini wakubwa wa dunia wanaificha.

Mashauri hayo yanatoka ku watu wanaopenda mugonjwa. Na si ya kuchekea, maana ni kweli kwamba mu mimea, hata mu chakula cha kila siku, muko vitu vinavyoua chembe za kansere. Wanasayansi wenyewe wanavitafuta tangu zaidi ya miaka makumi sita, na dawa kadhaa za kansere zinazotumiwa leo zilitoka ku majani na maganda ya miti.

Lakini kati ya kuua chembe mu kichupa cha labo na kuponyesha mama mwenye uvimbe mu ziwa, kuko safari ndefu. Vitu vingi vinaanguka njiani. Na mama akingojea miezi sita ili aone kama majani yatafanya kazi, uvimbe haumungojei. Njo maana inafaa kujua ni nini imehakikishwa, ni nini ingali tumaini, na ni nini inaweza kuua.

Kinkina ilitufundisha mbele

Mukulima wa milima ya Beni na Lubero hana haja ya kufundishwa kwamba muti unaweza kuwa dawa. Anajua kinkina: wanakata muti, wanatoa maganda, wanayaanika, mununuzi anakuja kuyapima ku kilo. Mu maganda hayo munatoka kinini, dawa ya malaria.

Zamani watu walisaga maganda yenyewe na kuyakunywa. Shida ilikuwa moja: muti huu una kinini nyingi, ule una kidogo. Mugonjwa mumoja alipona, mwengine alikunywa kiasi kile kile na akakufa na malaria yake. Mu mwaka 1820, wataalamu wawili wa dawa wa Paris, Pelletier na Caventou, walitenga kinini peke yake kutoka mu maganda. Tangu hapo munganga aliweza kupima: miligramu hizi kwa mutu wa kilo hizi. Na kila mutu aliyetumia kinini anajua kwamba hata dozi nzuri inalizisha masikio. Ikizidi sana, inagusa macho na moyo.

Hiyo njo hadisi ya dawa zote za mimea. Muti hautengenezi uchungu wake kwa ajili yetu. Unautengeneza ili wadudu na nyama wasiule. Ni sumu yake ya kujikinga. Munganga anachukua sumu hiyo, anaitenga, anaipima, kisha anatafuta kiasi kinachoumiza ugonjwa kuliko kinavyoumiza mugonjwa.

Ua la Madagaska na watoto wa Kampala

Kuko ua dogo la rangi ya zambarau au nyeupe ambalo watu wanapanda mbele ya nyumba mu inchi mingi za Afrika. Kwao ni Madagaska, na jina lake la kisayansi ni Catharanthus roseus. Mu Jamaika watu walikuwa wanakunywa chai ya majani yake juu ya ugonjwa wa sukari. Majani yakafika Canada, kwa Robert Noble na Charles Beer. Walipoyajaribu ku panya, sukari haikushuka. Lakini waliona kitu kingine: chembe nyeupe za damu zilipungua sana. Wakajiuliza: kama kitu hiki kinapunguza chembe nyeupe, je, hakiwezi kusaidia mu kansere ya damu, mahali chembe hizo zinazidi kupita kiasi? Mu 1958 walitangaza vinblastini. Kisha ikafuata ndugu yake, vinkristini.

Mwaka ule ule wa 1958, hapa jirani, Denis Burkitt, munganga wa upasuaji ku Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa unashambulia watoto wa Uganda. Leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt, na unapatikana mu Kongo vilevile. Mu 1967 Chuo cha Kansere cha Uganda kilifunguliwa ku Mulago. John Ziegler na wenzake walijaribu kuchanganya dawa kadhaa, na vinkristini ikawa mumoja wa muchanganyiko huo. Watoto waliokuwa wanapelekwa nyumbani kungojea kifo walianza kupona.

Basi, mutu achume majani ya ua hilo na kuyachemsha? Hapana kabisa. Inaomba mamia ya kilo ya majani makavu ili kupata gramu moja ya dawa, na dawa yenyewe inapimwa ku miligramu moja ao mbili, mu mushipa wa damu. Ikizidi kidogo, inaharibu mishipa ya fahamu. Mu chai ya nyumbani mutu hajui iko na ngapi.

Hadisi ya paklitaseli inafanana. Maganda ya muti wake yalikusanywa mu Marekani mu 1962, kitu chenyewe kikatambulishwa mu 1971, ruhusa ya kukitumia ku kansere ya ovari ikatoka mu 1992. Miaka makumi tatu! Tena kutoa maganda kulikuwa kunaua miti, mupaka wanakemia, kati yao Mufaransa Pierre Potier, walipopata njia ya kuanzia ku majani, yale yanaota tena. Mu 2020, utafiti uliofanywa mu inchi kadhaa, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa SIDA wenye kansere ya ngozi inayoitwa Kaposi iliyozidi, paklitaseli inashinda dawa zingine zilizokuwa zinatumiwa.

Mafuta mekundu: ndugu wawili wa vitamini A

Musomaji atasema: hayo ni maua na maganda, siyo chakula. Sawa. Tuingie mu jikoni, tuanze na mafuta ya ngazi.

Ule wekundu wa mafuta, sawa rangi ya karoti na ya viazi vitamu vya ndani ya njano, unatoka ku kitu kinaitwa betakarotini. Mwili unakigeuza kuwa vitamini A. Mu miaka ya 1970 na 1980 wanasayansi waliona kwamba watu wanaokula mboga na matunda yenye betakarotini hawapate sana kansere ya mapafu. Wazo likakuja lenyewe: tuitoe, tuitie mu kidonge, tuwape watu wanaovuta tumbako.

Mu Finland walifanya hivyo kwa wanaume 29.133 wavutaji. Majibu yalitoka mu 1994, na yalishangaza dunia: waliokunywa betakarotini walipata kansere ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Mu Marekani utafiti mwengine wa namna hiyo, wenye watu zaidi ya 18.000, ulisimamishwa mbele ya wakati mu 1996, maana kansere ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 kwa waliopewa vidonge. Kitu kile kile ambacho mu sahani hakina neno, mu kidonge kikubwa, mu mapafu ya muvutaji, kiliongeza ugonjwa.

Sasa angalia ndugu yake. Mu Shanghai, munganga Wang Zhenyi alikuwa anatibu aina moja ya kansere ya damu iliyokuwa inaua haraka sana, kwa kuvuja damu. Yeye na wenzake walitumia asidi moja ya jamaa ya vitamini A. Dawa hiyo haiui chembe mbaya sawa vile kimoterapi inafanya. Inazilazimisha zikomae, zikuwe chembe za kawaida. Mu 1988 waliandika juu ya wagonjwa 24, na karibu wote ugonjwa ulikuwa umerudi nyuma. Leo, pamoja na dawa nyingine, wengi wenye kansere hiyo wanapona.

Ndugu wawili, jamaa moja. Mumoja aliongeza kansere, mwengine anaiponyesha. Tofauti haiko mu "asili" ao mu "kemikali". Tofauti iko mu maswali matatu: ni kitu gani kamili, kwa kansere gani, na kwa kipimo gani? Mutu anayekuuzishia chupa mu soko akishindwa kujibu maswali hayo, hauzishi dawa.

Kurkuma, na somo la Ebola

Kurkuma njo bingwa wa ujumbe wa WhatsApp. Kitu chake cha njano, kurkumini, kiliua chembe za kansere mu labo mara mingi, na vitabu vya sayansi vinajaa habari zake. Lakini tumbo linakipitisha tu: sehemu ndogo sana njo inaingia mu damu. Mu 2017 wanakemia wa Marekani walichunguza majaribio zaidi ya 120 yaliyofanywa kwa watu, juu ya magonjwa mbalimbali. Hawakupata hata jaribio moja la nguvu, lile la kulinganisha kurkumini na kidonge kitupu bila mugonjwa wala munganga kujua nani amepewa nini, lililoonyesha kwamba inafanya kazi. Mu supu, kurkuma ni nzuri. Ku uvimbe, hakuna aliyeihakikisha.

Kuko wanaosema: majaribio ya nini, kama labo imeshaona? Watu wa Beni na Butembo wako na jibu, maana jaribio kubwa lilifanyikia kwao. Wakati wa Ebola ya 2018 mupaka 2020, ile iliyogusa zone ya afya ya Kalunguta vilevile, dawa ine zililinganishwa mu vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia mwezi wa 11 mwaka 2018. Zote ine zilikuwa na sifa nzuri mu labo na ku nyama. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa bahati, bila upendeleo. Mu mwezi wa 8 mwaka 2019 ukweli ukaonekana: kwa dawa mbili, karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wanakufa, kwa zile zingine mbili, karibu mutu mumoja ku watatu. Moja ya zile zilizoshinda, mAb114, ilitokana na damu ya Mukongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kazi iliyoanzishwa na profesa Muyembe na wenzake.

Kama hawangelinganisha, wagonjwa wengi wangeendelea kupewa zile dawa mbili zenye nguvu kidogo, na kila familia ingesema "munganga alifanya yote". Kurkuma, korosol na kitunguu saumu vinaombwa mutihani ule ule. Si zarau kwa dawa za wazee.

Mbegu chungu na muhogo muchungu

Ile mbegu ya WhatsApp, mara mingi ni ya tunda la abrikoti. Wanaiita "vitamini B17". Si vitamini hata kidogo. Kitu chake, amigdalini, kikifika mu tumbo kinatoa sianidi.

Sianidi! Mama yeyote wa kwetu anayelowesha muhogo muchungu siku tatu ao ine mbele ya kuuanika, anapigana na sumu hiyo hiyo, hata kama hajui jina lake. Mu 1938 munganga Trolli aliandika juu ya konzo, ugonjwa wa Kwango uliokuwa unapoozesha miguu ya watu kwa mara moja. Leo inajulikana kwamba konzo inatokea mahali watu wanakula muhogo muchungu usioloweshwa vizuri, na chakula kingine ni kidogo. Sisi tunaoondoa sumu hiyo mu bugali, tunawezaje kuinunua kwa dola ili tumupe mugonjwa?

Mu Marekani walijaribu amigdalini kwa wagonjwa 178 wa kansere, habari ikatoka mu 1982. Hakuna hata mumoja aliyepona, na kwa wengine sianidi ilipanda mu damu karibu na kiasi cha kuua.

Korosol nayo ni tunda tamu, na kulila mara moja moja si shida. Lakini mu kisiwa cha Guadeloupe, mu 1999, waganga waliandika juu ya wagonjwa wenye viungo vikavu na kutembea kwa shida, sawa ugonjwa wa Parkinson, ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia. Wengi walikuwa wamezoea kula korosol na kukunywa chai ya majani yake. Kitu kinachoua chembe za kansere mu labo kinaweza kuua chembe za ubongo vilevile.

Neno moja tena juu ya prunus, muti ambao maganda yake yanatoka mu Kivu yetu kwenda Ulaya. Ni kweli, unatengenezwa dawa ya prostati. Lakini ni ya prostati iliyovimba tu kwa uzee, ile inayosumbua mikojo. Haijahakikishwa ku kansere ya prostati. Mubaba anayekunywa maganda mwaka muzima bila kupimwa anaweza kuona mikojo inapita vizuri, wakati kansere inapanda mu mifupa. Na muti wenyewe unalindwa na mapatano ya kimataifa tangu 1995, juu watu waliubandua kupita kiasi.

Kazi ya kweli ya sahani

Je, chakula hakina kazi? Kina kazi kubwa, lakini inakuja mbele ya ugonjwa.

Burkitt yule yule, kisha Uganda, aliuliza kwa nini kansere ya utumbo mukubwa ilikuwa haba vijijini mwa Afrika na nyingi Ulaya. Alionyesha kidole ku nyuzinyuzi za chakula. Utafiti mwingi uliofuata ulikubali kwamba nyuzinyuzi zinapunguza hatari hiyo. Maharagi, sombe, lengalenga, shu, mahindi mazima: hiyo ni sahani ya Kalunguta, na haiombi kuuza mbuzi.

Kahawa nayo: mu 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa kansere lilisema kwamba wanaokunywa kahawa wanaonekana kuwa na kansere ya ini kidogo. Lakini lilionya juu ya vinywaji vya moto sana, vinavyopita digri 65, maana vinaelekea kuleta kansere ya umio.

Hatari kubwa mu chakula chetu ni ukungu. Karanga na mahindi yaliyowekwa yangali na maji yanaota ukungu unaotoa aflatoksini, na sumu hiyo inaleta kansere ya ini, zaidi sana kwa mutu mwenye virusi vya hepatiti B. Mu Qidong, inchi ya China, kansere ya ini ilikuwa pigo. Watu walipoacha mahindi yenye ukungu na kuanza kula muchele, vifo vya kansere hiyo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Hawakukunywa majani yoyote. Kwa hiyo: kuanika mahindi vizuri, kuyainua juu ya udongo, kutupa karanga zilizobadilika rangi hata kama roho inauma, kupeleka mutoto ku chanjo. Na kupunguza kasiksi na kanyanga, maana pombe inahesabiwa kati ya vitu vinavyoleta kansere kwa hakika, sawa tumbako.

Kufanya nini leo

Watu hawaendi ku majani kwa ujinga. Wanaenda juu majani yako karibu, na hospitali ni mbali, barabara ina hatari, na feza ni kidogo. Mugonjwa wa Kalunguta anayeombwa matibabu ya miali anaweza kulazimika kuvuka Kasindi na kufika Kampala. Hiyo ni ukweli, na ni kazi ya serikali kuibadilisha. Lakini safari ya kwanza si ya Kampala. Ni ya kituo cha afya cha karibu.

Aende bila kungojea mutu mwenye uvimbe mu ziwa, hata kama hauumi. Mwanamuke anayetoka damu kisha kulala na bwana yake ao kisha kukoma siku. Mwenye kidonda kisichopona. Anayekonda bila sababu. Anayekwama na chakula mu koo. Mutoto mwenye taya iliyovimba haraka. Kansere iliyopatikana mapema inaweza kukatwa na munganga wa upasuaji, na upasuaji unafanywa mu Butembo na Beni.

Na yule anayetumia majani tayari, asifiche. Aseme ku munganga jina la jani, kiasi, na tangu siku gani, ao alete jani lenyewe. Vitu vingine vinagongana na dawa: hata maji ya pamplemusi yanaweza kuongeza nguvu ya dawa fulani mu damu mupaka ikuwe sumu. Munganga naye asimukaripie, juu mugonjwa aliyekaripiwa hatasema tena.

Familia ikitaka kumupikia mugonjwa, imupikie: maharagi, mayai, samaki, uji wa soja, mboga, papayi. Kimoterapi inaomba mwili wenye nguvu, na mugonjwa anayekula anaivumilia vizuri kuliko yule anayefungishwa chakula na kupewa uchungu tu asubui na mangaribi.